Kamina Inaomba Tarehe

Barua ya wazi kwa liwali wa jimbo la Haut-Lomami, kwa uongozi wa shirika la reli la taifa, SNCC, huko Lubumbashi, na kwa wizara za Bajeti na Fedha huko Kinshasa

Usiku wa Desemba 31, Kamina huingia mwaka mpya saa nzima kabla ya Kinshasa. Mashariki ya Kongo ina saa yake na magharibi ina yake. Kwa hiyo kengele za Wakatoliki na nyimbo za mkesha za Wamethodisti zinapoupokea mwaka huku katika wilaya za Dimayi na Sobongo, kwenye ofisi ambako malipo ya watumishi hutiwa sahihi bado ni Desemba. Saa hiyo moja haimsumbui mtu. Kinachowasumbua watu wa Kamina ni majuma yanayofuata, pale swali linapokuwa lilelile sokoni, stesheni, kwenye foleni ya benki na mlangoni mwa shule: lini?

Lini mshahara. Lini treni.

Barua hii haiombi nyongeza ya mshahara. Jambo hilo lina vyama vyake vya wafanyakazi na meza zake za mazungumzo. Inachoomba ni tarehe. Tarehe ya malipo ya Januari itangazwe kabla ya Noeli. Siku ya treni ya abiria itangazwe, na ikibadilika, mabadiliko nayo yatangazwe. Ombi linaonekana dogo kwa aliyeko mbali. Kwa nyumba za Kamina, mwezi mzima wa Januari unasimama au kuanguka juu yake.

Tuanze na Bonane yenyewe, sikukuu ya mwaka mpya. Asubuhi ya Januari 1 watoto wa Kamina hutoka wamevaa nguo mpya, wanapita mlango kwa mlango wakisema "Bonane!", na kila mlango unadaiwa kitu: biskuti, pipi, noti ndogo ya faranga. Ndani, bukari na sombe za kila siku zimepisha wali na kuku. Baba anategemewa afike kwa wakwe na kwa wazee wa ukoo, na hapo mikono mitupu haina maelezo. Shangazi aliye Kolwezi au mtoto anayefanya kazi Lubumbashi ametuma kidogo kwa simu, na kabla fedha hiyo haijafika mkononi imekwisha kugawanywa kwa maneno: kitenge cha nyanya, viatu vya mdogo, gunia la makala ya kupikia.

Mgeni anaweza kuita haya yote anasa. Asiharakishe kusema hivyo. Fundi wa cherehani hupata Desemba kile kinachomvusha katika miezi asiyopata wateja. Vivyo hivyo mfuga kuku, msusi wa nywele, kijana anayebeba abiria kwa pikipiki, na mama aliyenunua mafuta ya kupikia kwa jumla ili auze kwa chupa. Fedha ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi hupita katika mikono yao wote ndani ya siku chache. Wanajeshi na familia zao kwenye kambi kubwa ya Kamina, ile iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hununua katika masoko hayohayo. Siku ya mshahara, hata mtu asiyelipwa na serikali wala na reli huiona siku hiyo kwenye meza yake.

Serikali mara nyingi hujitahidi kulipa mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini hapo ndipo hesabu inapoanza. Mwalimu aliyelipwa Desemba 20, akipata mshahara wa Januari siku ya 31, atakuwa ameishi siku 42 kwa malipo ya mwezi mmoja. Malipo yakisogea hadi Februari 10, siku zinakuwa 52, na ndani yake mna Noeli na Bonane. Mshahara uliotangulizwa kwa nia njema unageuka kuwa shimo mbele ya safari, kwa sababu aliyeupokea hakuambiwa unaofuata utafika siku gani. Angeambiwa, pengine angenunua kuku mmoja badala ya wawili.

Na Januari yenyewe si mwezi mwepesi. Ina sikukuu nne za serikali, nyingi kuliko mwezi wowote: ya kwanza, Bonane; ya 4, ya mashahidi wa uhuru, kukumbuka yaliyotokea Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959; ya 16, siku aliyopigwa risasi Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001; na ya 17, siku alipouawa Patrice Lumumba mwaka 1961, si mbali na Lubumbashi. Kwa mwenye mshahara hayo ni mapumziko na kumbukumbu. Kwa anayekula alichopata leo, kama yule anayesukuma kinga, yaani baiskeli, iliyosheheni makala kutoka vijijini, ni siku nne ambazo ofisi zimefungwa na wanunuzi ni wachache.

Shambani nako hakuna msaada bado. Mvua huanza kuelekea Oktoba, na Januari mahindi ya msimu yangali mabichi. Yale ya mavuno yaliyopita ama yamekwisha, ama yaliuzwa zamani kwa wafanyabiashara wanaoyapeleka Lubumbashi na Kasai. Hili ndilo jimbo lenye Kaniama-Kasese, ambako shirika la serikali la Service National linalima mahindi kwenye mashamba makubwa, na bado Januari meka ya unga, kile kipimo cha sokoni, hupanda bei katika soko la Kamina wakati uleule mifuko inapokauka. Mkulima aliyeuza mapema ili alipe madeni ya Septemba ananunua sasa, kwa bei ya juu, chakula kinachofanana na kile alichokitoa ghalani mwake.

Kisha shule zinafunguliwa. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, kama Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyodai, na wazazi wa Kamina wameuona unafuu huo. Lakini sekondari bado inalipiwa, na shule za binafsi pia. Tanzania na Kenya mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo mzazi wa Kigoma au Mombasa anajua mapema kwamba ada, sare na madaftari vinamngoja baada ya sikukuu. Kongo shule huanza Septemba. Januari inaleta minerval, yaani ada, ya kipindi cha pili juu ya mabaki ya kipindi cha kwanza. Mtoto anarudishwa nyumbani akiwa na kikaratasi. Mara nyingine aliyemrudisha ni mwalimu ambaye mtoto wake mwenyewe amerudishwa asubuhi hiyohiyo kutoka shule nyingine, kwa sababu yuleyule mwajiri hajasema lini.

Waheshimiwa, watu wa Kamina wanajua kupanga fedha. Ushahidi ni likelemba. Wanawake kumi wanaouza samaki, unga au mboga wanakubaliana kila mmoja atoe kiasi fulani kila juma, na kila juma mmoja wao anachukua chungu chote. Hakuna karani, hakuna mhuri, hakuna dhamana. Fedha zao ni ndogo kuliko mshahara wowote unaotajwa katika barua hii. Kinachoifanya likelemba isimame ni kwamba kila mwanamke anaijua siku yake. Anayechukua juma la tatu la Januari anamwambia mkuu wa shule leo hii: nitalipa siku fulani. Na mkuu wa shule anakubali, kwa kuwa anajua siku hiyo itafika.

Mwalimu, muuguzi na mfanyakazi wa reli hawawezi kutoa ahadi kama hiyo. Wana ajira, wana nambari ya utumishi, wengine wana akaunti ya benki tangu serikali ilipoanza kulipa mishahara kupitia benki, na bado mbele ya mama muuza unga neno lao lina uzito mdogo kuliko la mwenzake wa likelemba. Mama huyo anafungua daftari la madeni, anauliza "mpaka lini?", na mwenye mshahara anatazama chini. Akinyimwa unga, anakwenda kwa Banki Lambert, yule mkopeshaji wa mtaani anayejulikana Kongo nzima, ambaye riba yake huhesabiwa kwa mwezi na inaweza kufika theluthi au hata nusu ya kiasi kilichokopwa. Mkopo wa majuma mawili si sawa na mkopo wa majuma sita. Asiyejua siku ya mshahara hajui anakopa upi kati ya hiyo miwili. Hapo kutojua tarehe kunageuka kuwa fedha, na fedha hiyo inatoka mfukoni mwa mtumishi na kuingia mfukoni mwa mkopeshaji.

Sasa reli. Kamina ilikua kwa reli, na kila familia ya zamani mjini ina mtu aliyepita kambi za BCK, kampuni ya reli ya zamani. Njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la Kamina hadi Kabalo, ambako njia zinaendelea mpaka Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika, na mpaka Kindu. Tangu hapo anayesafiri kwa treni kutoka Lubumbashi, iwe anakwenda Kasai au Tanganyika, lazima apite Kamina. SNCC, iliyoundwa mwaka 1974 kwa jina la SNCZ, ndiyo iliyorithi mtandao huo wenye zaidi ya kilomita 3,600.

Malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi wake si siri. Yamezaa migomo zaidi ya mara moja, na mwaka 2010 Benki ya Dunia ilipoidhinisha mradi wake wa usafiri nchini, kuifufua SNCC kulikuwa sehemu kubwa ya mradi huo. Barua hii haitafuti mwenye makosa katika historia hiyo ndefu ya vita, uporaji wa vyuma, injini zilizochoka na wateja wakubwa waliohamia kwenye malori. Inataja jambo moja tu: mfanyakazi wa reli anayedai miezi mingi bado anaweza kupanga maisha yake akiambiwa kwamba mwezi mmoja, hata mmoja tu, utalipwa siku fulani. Asipoambiwa, kila asubuhi anapita ofisini kuuliza, na siku ya kuuliza ni siku ambayo hakulima wala hakuuza kitu.

Abiria naye yuko hivyohivyo. Kutoka Lubumbashi hadi Kamina kwa reli ni kama kilomita 600, na katika msimu wa mvua, barabara zinapogeuka matope, treni ndiyo tegemeo la wengi. Kabla ya Bonane kila mtu anataka kufika nyumbani. Baada yake, mwanafunzi wa chuo anataka kurudi, na mama wa Bukama anataka kupeleka samaki wake waliokaushwa kwa moshi kabla hawajaharibika kwa unyevu. Wanalala stesheni na vifurushi, na chakula walichobeba kwa safari kinaliwa kabla ya safari. Inapotokea treni ya mizigo, baadhi yao wanapanda.

Matokeo yake yameandikwa. Aprili 2014 treni ilianguka Katongola, katika eneo la Kamina, ikaua makumi ya watu. Machi 2022, huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba, treni ya mizigo ilianguka na idadi ya waliokufa iliyotangazwa ikafika 75. Wengi walikuwa wamepanda bila ruhusa kwenye treni isiyokuwa ya abiria. Sababu za kiufundi za ajali zina wataalamu wake: njia, breki, mwendo. Lakini mtu hapandi juu ya behewa la mizigo kwa kupenda. Sehemu ya jibu ni kwamba hajui treni yake halali itakuja kesho, juma lijalo au mwezi ujao, ilhali ile ya mizigo iko mbele ya macho yake.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Kazi, nambari 015/2002 ya Oktoba 16, 2002, inataka mshahara ulipwe kwa vipindi vya kawaida visivyozidi mwezi mmoja. Watumishi wa umma wana sheria yao nyingine, ya mwaka 2016, lakini hakuna sheria ya Kongo inayomzuia mwajiri, awe kampuni au serikali, kutangaza siku ya malipo. Na dola linajua kuamuru kalenda likitaka. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu, na Desemba 25 ikawa siku ya kazi. Mwaka 2023 Aprili 6 iliongezwa katika orodha hiyo kwa heshima ya Simon Kimbangu. Mara zote mbili habari ilifika mpaka stesheni za mwisho za reli, na kila bwana kazi alijua afungue lango au alifunge.

Yuko atakayesema kwamba tarehe haiwezi kutangazwa wakati fedha haijaingia hazina. Hoja hiyo ina uzito, na liwali ndiye anayeijua kuliko wote. Katiba, katika Kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotoka kwao, yakatwe papo hapo kwenye chanzo. Kanuni hiyo haijawahi kutekelezwa kikamilifu. Tangu Haut-Lomami ilipozaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, ofisi za jimbo nazo husubiri kutoka Kinshasa fedha zisizo na siku. Kwa hiyo liwali na mwalimu wa Sobongo wako kwenye foleni moja, ingawa mmoja wao amekaa kwenye kiti. Ni sababu nzuri ya liwali kulibeba ombi hili kama lake.

Na tena, tarehe inayoweza kusogea bado ina faida kuliko ukimya, mradi kusogea kwake kusemwe. Mama muuza unga aliyeambiwa Januari 30, kisha siku ya 27 akaambiwa imekuwa Februari 6, anaongeza juma moja kwenye daftari lake na maisha yanaendelea. Aliyeambiwa "muda si mrefu" anafunga daftari.

Yanayoombwa, basi, ni haya.

Wizara za Bajeti na Fedha zinapotangaza malipo ya Desemba, zitaje katika tangazo hilohilo juma ambalo mshahara wa Januari unatarajiwa katika kila jimbo. Kwa walimu wa vijiji vya Malemba-Nkulu, Kabongo na Bukama walio mbali na benki, itajwe pia siku ambayo fedha zitaondoka mjini kwenda kwao. Mwalimu anayepiga kinga siku nzima kufuata mshahara ambao haujafika amelipa safari mbili kwa mshahara mmoja.

SNCC iweke katika stesheni ya Kamina ubao mkubwa unaoandikwa kila asubuhi: treni ya abiria ipi inategemewa, imetoka wapi, na leo iko wapi. Ikikwama katika stesheni ya Luena, paandikwe Luena. Ikiwa injini imeharibika na hakuna anayejua lini itapona, hilo nalo liandikwe, ili mwenye samaki atafute njia nyingine siku hiyohiyo. Ubao wa pili, karibu na ofisi ya wafanyakazi, useme mwezi gani wa malimbikizo utalipwa, na siku gani.

Ofisi ya liwali ichukue tarehe hizo na kuzisomesha katika redio za mji kwa Kiswahili na Kiluba, siku ileile kila juma, na kuzibandika katika ofisi za wilaya tatu za mji: Kamina, Dimayi na Sobongo. Pia iwaite wasimamizi wa shule, za serikali, za Wakatoliki, za Wamethodisti na za binafsi, wakubaliane kwamba katika Januari hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa minerval kabla ya siku ya malipo iliyotangazwa. Wakuu wa shule hawatapoteza kitu. Mtoto aliyefukuzwa Januari 8 haleti fedha ambazo mzazi wake atazipata siku ya 30.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa kigeni. Chaki, karatasi, dakika chache za redio, na mtu mwenye mamlaka anayekubali kuweka jina lake chini ya tarehe.

Barua hii imetangulizwa kabla ya Noeli kwa makusudi. Mishahara ya Desemba bado inaandaliwa, shule hazijafungwa, na mafundi wa cherehani wangali wanapokea vitambaa. Jibu likipatikana kabla ya Desemba 20, mama muuza unga wa Kamina atajua amkopeshe nani, meka ngapi, na mpaka siku gani.